Banda la muvi Ngamiani: kwa sizoni za upelelezi sijaona anayewafikia hapa Tanga

Watu wa Tanga mnaopenda zile sizoni za nani kaua, na mmeshachoka kuharibiwa utamu na watafsiri wanaomtaja muuaji hata maiti haijapoa, nendeni banda la muvi la Ngamiani, kule kwenye barabara za namba, ukitokea upande wa Makorora bajaji inakushusha karibu kabisa. Jumamosi baada ya alasiri wana kipindi cha kina mama, hakuna mpira, hakuna ngumi, ni upelelezi tu, na wanafunga kabla ya magharibi ili mtu awahi kwake. Mimi sasa hivi sizoni ya upelelezi siangalii kwengine.

Natoa tahadhari mapema. Humu ndani nitamtaja muuaji wa ile hadithi waliyomaliza kuonyesha juzi, kwa sababu siwezi kueleza uzuri wa hili banda bila kumtaja. Ila jina la sizoni silisemi, na majina ya watu wa ndani sitayasema, ili ambaye hajaiona asiharibikiwe. Mjue tu kwamba ni ya Uingereza, steringi ni mama wa makamo, inspekta, na adui ni mke wa mbunge.

Sasa utamu wa banda lenyewe uko wapi. Pale mtafsiri yupo mubashara. Sio ile ya kuweka CD iliyotafsiriwa Dar mtu anapiga kelele mpaka spika inapasuka, hapana, ni binti wa mwenye banda, anakaa kwenye kistuli pembeni ya skrini, ana maiki ndogo na remoti mkononi, sauti ya muvi anaiteremsha kidogo wakati wa maongezi anatafsiri, wakinyamaza wale na yeye ananyamaza. Wakubwa zetu wanaokumbuka enzi za marehemu mabanda ya zamani na kina Lufufu watanielewa, mtafsiri alikuwa ndio nusu ya muvi, watu walikuwa wanamfata yeye sio picha. Wakenya wana DJ Afro wao, Waganda wana VJ Jingo wao, wote hao ni mafundi na muvi za kupigana wanazipa moto haswa, mimi siwavunjii heshima. Lakini upelelezi ni kazi nyingine kabisa. Kwenye ngumi mtafsiri anatakiwa aongeze, kwenye upelelezi anatakiwa ajizuie, na huyu binti anajua kujizuia. Ameshaiangalia yote kabla yetu, anajua nani kaua, na kwenye sauti yake hupati kitu. Yule mke wa mbunge kamtafsiri kwa sauti ya upole ile ile aliyompa dereva, na ile ile aliyompa mpishi. Kwa watu tuliozoea adui apewe sauti nzito ya kukwaruza toka anaingia, hii ilitumaliza.

Hadithi yenyewe iko hivi. Kuna mbunge anataka uongozi wa chama chake, akishinda huyo ndio anakuwa waziri mkuu, maana kule kiongozi wa chama chenye wabunge wengi ndiye anayeshika nchi. Ana katibu wake, kijana mtulivu wa miwani, yuko naye miaka mingi, kila asubuhi anakuja nyumbani kwa mheshimiwa kupanga ratiba, anapewa kahawa, wanakaa meza ya jikoni wanapiga kazi. Mwanzo wa hadithi kuna karamu ya kuchangisha pesa za kampeni, asubuhi yake katibu anakutwa amekufa kwenye kibanda cha vifaa vya bustani. Wote wanasema moyo. Inspekta anasema hebu subirini kwanza.

Washukiwa wako wengi na wote wana sababu: tajiri mmoja aliyetoa hela za kampeni na anataka kiwanja, mpinzani wa ndani ya chama, dereva aliyekuwa amegombana na marehemu, na mheshimiwa mwenyewe. Mke wala hayumo kwenye hesabu. Mke yuko kila mahali lakini yuko na sinia, yuko na maua, yuko anapokea makoti ya wageni mlangoni, na sisi tuliokaa pale kwenye mabenchi tulikuwa tunamuona bila kumuona.

Sasa nitawaeleza kipande kimoja, ndicho kilichonifanya niandike haya yote. Usiku wa karamu, katibu yuko peke yake ukumbini watu wameanza kuondoka, anainua macho anaangalia taa, anavua miwani anaifuta na ncha ya shati, anaivaa, anaangalia tena taa, anavua tena. Alafu anamuuliza mpishi, hizi taa mmebadilisha, mbona zina duara la njano. Mpishi anamwambia umechoka baba kalale. Basi, kimepita. Ni nusu dakika tu. Binti yetu akatafsiri ile sentensi taratibu, akanyamaza, akaiacha picha ya yule kijana anaifuta miwani ikae mpaka mwisho wake.

Mi hiyo hiyo sizoni nilikuwa nishainunua kwenye flashi kutoka duka jingine hapa hapa mjini, imetafsiriwa tayari, na nikairudia kuangalia nyumbani kwa hamu ya kulinganisha. Wallahi nililia. Pale pale kwenye taa, mtafsiri wa ile kopi ndio ameamua kutangaza namba ya simu ya duka lao na kusalimia washkaji zake, yaani yule kijana midomo inacheza, hujui kasema nini, na kabla ya hapo, mke ndio kwanza anaingia na sinia la vikombe, jamaa anasema muoneni huyu mama, muoneni vizuri, mtanikumbuka. Sasa hapo umebaki unaangalia nini? Hela imeenda, na mtu aliyekaa miezi akaandika ile hadithi, akaficha ile alama mahali pazuri namna ile, kazi yake imetupwa. Watafsiri kama hao wanaua sanaa ya watu, na sisi wateja tunaendelea kuwalipa.

Turudi bandani. Kwenye mabenchi ya mbele anakaaga mama mmoja nesi mstaafu, mtu mzima wetu, tunampa shikamoo wote. Ile ya taa za njano alishtuka, akasema kwa sauti ya chini, huyu kapewa dawa ya moyo. Tukamwambia mama tulia bado mapema. Akatulia, lakini kwenye mapumziko akatueleza vizuri, na kila alichosema kilikuja kuonekana mbele. Kuna dawa inaitwa digoksini, asili yake ni kwenye mmea, wanapewa watu wenye mapigo ya moyo yasiyokaa sawa, na umbali kati ya kipimo kinachotibu na kipimo kinachodhuru ni mdogo sana. Ikizidi mwilini mtu anachefukwa, anakosa hamu ya kula, mapigo yanavurugika, na wengine macho yanaanza kuona njano, wanaona taa zimezungukwa na duara. Alafu inatolewa mwilini na figo, kwa hiyo mwenye figo mbovu inamjalia taratibu bila yeye kujua. Sasa yule katibu toka mwanzo tumeambiwa ana matatizo ya figo, na mke wa mheshimiwa ndiye aliyekuwa anampeleka kliniki kwa huruma zake, na mwenye ugonjwa wa moyo kwenye ile nyumba ni mheshimiwa. Vitu vyote vilikuwa mezani toka dakika za mwanzo! Hiyo ndio hadithi ya upelelezi iliyoandikwa kwa heshima, mtazamaji hakufichwa kitu.

Mwengine akauliza je ingekuwa kwetu ingejulikana. Nesi akasema ingejulikana vizuri tu, sampuli zinachukuliwa zinapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, wao ndio kazi yao kupima sumu kwenye kesi za namna hii, tatizo ni mtu wa kwanza kusema hebu subirini kwanza, kwa sababu maiti ikishasemwa moyo na sisi huku tunazika kesho yake, wengine siku hiyo hiyo, nani atarudi kufukua. Hapo banda zima lilinyamaza. Mi nadhani ndio raha ya kuangalia na watu, peke yako kwenye simu hicho usingekipata.

Sasa nije kwa mke. Kuna wadada waliokuwa wamekasirika kabisa ilipojulikana, wanasema kwanini kila muvi ubaya apewe mwanamke, mwanaume anagombea, anakula rushwa, ana nyumba ndogo, mwisho wa siku muuaji ni mkewe. Nawaelewa, na kwa muvi nyingi wana haki kabisa. Mke wa mwanasiasa kwenye tamthilia ana kazi mbili tu, alie pembeni au apigane na hawara. Lakini kwa huyu mimi nasimama upande wa mwandishi. Huyu mke hakuua kwa wivu, hakuua kwa mapenzi, ameua kwa hesabu, na wametuonyesha kichwa chake kinavyofanya kazi.

Kipande cha mlangoni ndio chenyewe. Mheshimiwa anataka kutoka nje akaongee na waandishi wa habari kuhusu msiba wa katibu wake. Mke anamsimamisha kizingitini. Anamtoa uzi mweupe begani, anamfunga kifungo cha koti, anamlaza kola na kiganja, alafu bila kumtazama usoni anamwambia maneno machache, nimempoteza ndugu, sio mfanyakazi. Mlango unafunguliwa, kamera zinawaka, na sentensi ya kwanza inayomtoka mheshimiwa ni hiyo hiyo kama alivyopewa. Mke amebaki ndani kwenye kivuli midomo yake inatembea pamoja na ya mumewe. Hotuba zote za yule bwana miaka yote ni za mke! Ubunge ule ni wa mke! Yeye ndio mwanasiasa, mume ni uso tu wa kubandikwa kwenye mabango. Na hakuna askari hata mmoja aliyewaza kumhoji kwa sababu kila walipofika walimkuta anamimina chai.

Na sisi kampeni tunazijua. Mke wa mgombea anapandishwa jukwaani kashonewa kitenge cha rangi za chama, anapunga mkono, anaambiwa aombe kura za kina mama, anaomba dakika mbili anashuka, watu wanapiga vigelegele, imeisha. Nani amewahi kumuuliza yeye anajua nini? Anajua nani kaja usiku, nani katoa hela, nani kakopa, simu ipi ilipokelewa chumbani mlango umefungwa. Ndio maana kwenye ile hadithi aliniogopesha kuliko yule tajiri na walinzi wake wote.

Sababu ya kuua ilikuwa mali. Katibu alikuwa anapitia makaratasi akakuta nyumba mbili na akaunti, zote jina la mke, mheshimiwa hajazitaja popote, kule wabunge wana rejista ya kuandika maslahi yao. Katibu wa watu hakutaka ubaya, alitaka vitu viandikwe mapema kabla wapinzani hawajavikuta, akamfata mke kwa adabu akamwambia mama tuviweke wazi. Na huo wema ndio uliomuua. Kwetu hapa nako lipo, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi ajaze tamko la mali na madeni, na humo zinaingia za mwenza wake na za watoto chini ya miaka 18, fomu zinapelekwa Sekretarieti ya Maadili kila mwaka kabla Desemba haijaisha. Kwa hiyo ile hadithi ukiibeba kama ilivyo ukaileta Tanga wala haihitaji kubadilishwa sana, kahawa iwe chai ya tangawizi, kile kibanda cha bustani kiwe stoo ya uani, ile nyumba ya kizungu iwe moja ya yale majumba ya Raskazone yanayoangalia bahari, imeisha, wasanii wetu wapo, waandike tuone.

Na alivyokamatwa! Inspekta hakutumia mambo makubwa. Ni kile kikasha cha dawa chenye vyumba vya siku za wiki, Jumatatu Jumanne, mke ndiye anayempangia mumewe kila Jumapili usiku. Inspekta akaenda duka la dawa akaomba tarehe tu. Dawa za mwezi zilikuwa zinaisha kabla ya mwezi, na mgonjwa mwenyewe hajawahi kuzidisha kidonge. Zinaenda wapi hizo nyingine? Akakusanya watu wote sebuleni, akaanza kuzunguka nyuma ya viti, binti yetu maiki ameishika kwa mikono miwili anatafsiri kwa kunong'ona, na pale pale umeme ukakatika.

Nawaambia ukweli mayowe yaliyopigwa pale yalifika Chuda. Jenereta wanayo lakini ilichukua kama robo saa kuwaka, kijana anavuta kamba inagoma anavuta inagoma, na hapa mwenye banda inabidi ajirekebishe, jenereta ijaribiwe asubuhi, sio wateja wapo ndani joto hilo ndio inatafutwa petroli. Ila kitu kilichonifurahisha, robo saa nzima gizani watu wanamsihi binti awaambie tu ni nani, wengine wanamtolea ahadi ya soda, wengine wanamtisha kwamba hawarudi tena, yeye kimya, anacheka tu, subirini stima. Iliporudi na inspekta akasimama nyuma ya kiti cha mke, akamwomba kwa heshima zote amwekee kahawa, mama mmoja nyuma akasema kikulacho ki nguoni mwako, na hakuna aliyeongeza neno mpaka pingu zilipofungwa.

Kasoro ya hadithi ipo na ni kubwa. Mume wamemwachia. Mwishoni wanatuonyesha ameshika kichwa kwamba hakujua kitu, mwanaume mnakaa nyumba moja, kikasha chako cha dawa, katibu wako anatapika mbele yako wiki nzima, hujui? Banda zima lilikataa. Mi naamini alijua, au alichagua asijue, na mwandishi aliogopa kulifikisha mwisho. Palikuwa na mlango mzuri wa kuingilia hapo, kwa sababu polisi wanamwomba mume atoe ushahidi na yeye anasita, na kisheria hawawezi kumlazimisha, hata kwetu Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inasema mke au mume anaruhusiwa kutoa ushahidi upande wa mashtaka dhidi ya mwenzake ila halazimishwi, ukitoa makosa machache yaliyotajwa. Hebu fikiria hapo, mheshimiwa akisema anamzamisha mke, akinyamaza anazamisha kura zake. Hicho kingekuwa kipindi kizima! Wao wamekipitisha kwa mazungumzo mafupi kwenye gari alafu muziki. Na ule ungamo wa mke ni mrefu mno, mtu aliyekuwa na akili za kukaa kimya hadithi nzima ghafla anahutubia kama yuko Uhuru Park. Hakufanana na yeye.

Banda lenyewe kwa ufupi. Kiingilio buku, mtoto haruhusiwi kwenye kipindi hiki hata ukimbeba na hilo wanalisimamia kweli, pembeni ya mlango wamebandika daraja la umri la kila muvi inayoonyeshwa siku hiyo, na kwa muvi za mauaji ndio inavyotakiwa. Skrini ni projekta, picha safi ukikaa katikati, ukikaa benchi la ukutani kulia nguzo inakukata nusu ya uso wa watu. Mabenchi hayana migongo, wenye matatizo ya kiuno njooni na kanga mzikunje. Feni mbili, moja inazunguka kwa nguvu, nyingine inapepea tu, kaeni chini ya ile ya upande wa choo, na choo ni kisafi, kina maji. Nyuma kuna gereji, wakianza kugonga bodi binti anasimamisha picha mpaka wamalize, nalo hilo nimelipenda, wengine wangeongeza sauti tu.

Vitu vya kula kuna mama anauza bajia za kunde na chatne ya nazi nje ya mlango, za moto, wahi kabla ya kipindi cha pili zinaisha. Kahawa na kashata zinapita wakati wa mapumziko tu, wakati wa picha hairuhusiwi mtu kupita mbele.

Kurushiwa kwenye flashi wanarusha, sizoni nzima elfu mbili, lakini wanakurushia isiyotafsiriwa yenye maandishi chini, ile tafsiri ya binti haiuzwi kwa sababu hairekodiwi. Nilimwuliza mwenye banda kwanini hamrekodi bintiye, angeuza mpaka Pangani na Muheza, akasema kaka zake wanamshawishi na yeye binti hataki, anasema akirekodi watu wataanza kurukisha mbele. Mi ningependa abadili mawazo, hata arekodi moja tu tuwapelekee wagonjwa na wazee wasioweza kutoka, ila uamuzi ni wake.

Jumamosi hii wanaanza mpya, ya mauaji ndani ya treni, wamesema milango wanafunga picha ikianza na aliyechelewa anasubiri mapumziko. Mkija na watu wazima piga simu mapema wakuwekeeni benchi la mbele, namba imeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu.